Duara la Kijani Katika Shamba la Mama Mkwe

Ufuta ulipoanza kufa kule Chinongwe, mtu wa kwanza niliyemshuku alikuwa muuza dawa wa Nachingwea. Wa pili alikuwa mjomba wa mke wangu. Wa tatu alikuwa mbuzi wa jirani, lakini huyo nilimwachia siku ya pili kwa kukosa ushahidi. Wiki haijaisha nilikuwa na washukiwa wengi kuliko abiria wa stendi ya Ruangwa siku ya mnada, na kila mmoja nilimwona ana sura ya hatia, hata wale walionisalimia vizuri. Hasa hao.

Niseme kwanza kwa nini nilikuwa na sababu ya kutetemeka. Shamba lile si langu. Kwa watu wa huku kwetu ardhi hufuata ukoo wa mama, na mwanaume anayelima ukweni ni kama mgeni aliyepewa kiti: akae, ashibe, lakini asikivunje. Mwenye shamba ni mama mkwe, eka mbili za kichanga cheupe kinachopita katikati ya vidole kama sukari. Mwenye kauli ya mwisho juu yake ni kaka yake, yaani huyo mjomba. Mimi kwa upande wangu nina eka moja na nusu nje kidogo ya mji wa Nachingwea, niliyoachiwa na mama yangu mzazi. Huko udongo ni mwekundu, wa mfinyanzi, unashika jembe kama mdai. Ukilivuta unasikia bega likiaga.

Mwaka huo mvua zilitufanyia mchezo. Desemba nilipanda mahindi mashamba yote mawili, nikanyunyizia dawa ya magugu ile inayopigwa kabla mahindi hayajatoka ardhini. Chupa moja, bomba moja la mgongoni, mkono mmoja, wangu. Kisha jua likawaka. Liliwaka mpaka mijusi wakawa wanatembea kwa ncha za vidole. Mahindi yakakauka yakiwa na urefu wa kiganja. Mvua iliporudi mwishoni mwa Januari, muda wa mahindi ulikuwa umepita, tukalima juu juu na kupanda upya: kunde Nachingwea, ufuta Chinongwe. Mbegu ya ufuta ilikuwa ya mama mkwe mwenyewe, aliyoitunza ndani ya kibuyu tangu msimu uliopita.

Siku ya kupanda, mjomba alisimama mpakani na baiskeli yake. Ni mtu mrefu, mkavu, aliyewahi kuchimba dhahabu Namungo kwa miaka mingi kabla ya kurudi kwenye jembe na mkaa. Akasema, "Mkwe, dada yangu hana zao lingine mwaka huu. Ufuta huu ukifa, shamba litarudi kwa wenyewe. Wewe msomi hutakosa pa kulima."

Alisema huku anacheka. Nilimjua vya kutosha kufahamu kwamba akicheka ndipo anamaanisha.

Ufuta ukaota vizuri. Ukatoa majani mawili, ukatoa manne, nikaanza kutembea kijijini nimetanua kifua. Halafu mke wangu akaniita asubuhi moja.

"Baba watoto, hebu njoo uone. Huu ufuta umeungua au umefanyaje?"

Majani ya chini yalikuwa yameanza kuwa njano pembeni, kisha kahawia, kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Baada ya siku nne ilikuwa mistari mizima. Baada ya siku kumi eka mbili zilikuwa zimelala chini, isipokuwa sehemu moja. Katikati ya shamba kulikuwa na duara la kijani, upana wake kama nyumba ya vyumba viwili, na ndani ya duara hilo ufuta ulikuwa umesimama wima, mnene, unang'aa, unacheza na upepo kana kwamba haukuwa na ndugu waliokufa.

Nilizunguka duara lile mara saba. Nikachuchumaa. Nikanusa. Kisha nikakumbuka palikuwa na nini hapo zamani: pale ndipo mjomba alipojenga tanuri lake la mkaa misimu miwili iliyopita.

"Umeona?" nikamwambia mke wangu kwa sauti ya chini. "Shamba lote limekufa, pa mjomba pamepona."

"Pa mjomba pako wapi? Shamba ni la mama."

"Palipokuwa na tanuri lake."

Mke wangu akanitazama kama anavyotazama dagaa waliokaa siku tatu. "Usiyatoe hayo maneno nje ya shamba hili," akasema.

Sikuyatoa. Yalitoka yenyewe. Jioni ile kijiji kizima kilikuwa kinajua, na kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Wengine walisema shamba limefungwa kwa uchawi. Wengine walisema mkwe, yaani mimi, ndiye aliyelifunga ili amtishe mjomba, akaacha pale pa tanuri kama ujumbe. Kesho yake mjomba akaja, akaliangalia duara kwa muda mrefu, akaniangalia mimi kwa muda mrefu zaidi.

"Msomi," akasema, "naona umepanda majani makavu. Soko lake liko wapi, tupeleke?"

"Mjomba, mimi mwenyewe nashangaa."

"Unashangaa. Na hapa palipo kijani, napo unashangaa?"

"Hapo ndipo nashangaa zaidi. Si ndipo lilipokuwa tanuri lako?"

Tukasimama pale watu wawili wazima, kila mmoja akiamini mwenzake ana kitu mfukoni. Mwisho akapanda baiskeli yake, na kabla hajakanyaga pedali akasema, "Ijumaa ya wiki ya tatu kutoka leo tutakaa kikao. Njoo na maelezo. Ukikosa maelezo, njoo na jembe ulirudishe kwa wenye shamba."

Mtu ambaye angeweza kunisaidia kujua kilichotokea ni mama mkwe, maana yeye hushinda shambani kuliko ndege. Lakini mimi na yeye hatuongei. Si ugomvi, ni heshima: mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni wala kuzungumza ana kwa ana, na katika nyumba yetu jambo hilo linafuatwa barabara. Akiwa na neno kwangu humpa mke wangu alilete. Mke wangu asipokuwepo, humwambia kuku.

"Wewe kuku," nilimsikia siku ile akisema nyuma ya jiko, nami nimeketi upenuni nimempa mgongo, "uliambiwa tangu mapema. Hukusikia. Sasa unazunguka zunguka unatafuta nini?"

Nikamwangalia kuku. Kuku akaniangalia. Nikajua nimelaumiwa, ila sikujua kwa kosa gani, kwa kuwa mimi sikukumbuka kuambiwa kitu. Basi naye nikamwingiza kwenye orodha yangu. Nilijiambia: huyu mama ana mbegu aliyoihifadhi mwenyewe, na sasa anajihami kupitia kuku. Huenda mbegu ilikuwa imechoka.

Nikapanda pikipiki hadi Nachingwea, moja kwa moja dukani kwa muuza dawa. Ni mtu mnene mwenye kalamu sikioni, ambaye hajawahi kuonekana akiandika. Nikaiweka chupa tupu juu ya meza kama askari anayeweka kielelezo.

"Umeniuzia dawa feki."

"Imeshindwa kuua magugu?"

"Magugu imeua yote. Na ufuta imeua."

"Sasa feki iko wapi hapo, msomi? Feki haiui. Wewe unalalamika dawa imefanya kazi mno, halafu unaiita feki. Mteja wa namna yako sijawahi kumwona tangu nizaliwe."

Watu wawili waliokuwa wanachagua mbegu za mchicha wakacheka bila hata kuficha. Nikasema labda kwenye chupa alitia kitu kingine. Akaniuliza shamba langu la hapa Nachingwea nilitumia dawa gani.

"Hiyo hiyo. Chupa hiyo hiyo."

"Na umepanda nini baada ya mahindi kukauka?"

"Kunde."

"Zimekufa?"

Hapo nikapata kikohozi. Kunde zangu zilikuwa zimestawi vibaya sana, yaani ukizipita bila panga unaweza kupotea humo ukatafutwa na kijiji.

"Karatasi ya maelekezo ulisoma?" akauliza.

"Mimi nimemaliza kidato cha nne."

"Sikukuuliza hilo."

Nikatoka nimekasirika, na nikazidi kumshuku, maana mtu asiye na hatia hawi na majibu mepesi hivyo. Lakini njiani nilisimama kwenye shamba langu, nikang'oa kunde moja na kuitazama mizizi. Myeupe, safi. Dawa ile ile, chupa ile ile, mkono ule ule. Huku uhai, kule msiba. Kama ni uchawi wa mjomba, kwa nini haukufika Nachingwea? Nauli tu?

Mimi kidato cha nne nilikisoma kwa masomo ya usiku, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na watoto, katika darasa ambalo wanafunzi watatu walikuwa na wajukuu. Maabara yetu ya kemia ilikuwa chupa mbili na mshumaa. Lakini mwalimu wetu alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka tukaliota: ukiwa na mashaka matano usiyachunguze kwa pamoja, badilisha kitu kimoja na vingine uviache vilevile. Nikachukua udongo wa shamba langu kilo kama mbili, nikaufunga kwenye mfuko, nikarudi nao Chinongwe.

Nilitafuta makopo manne ya maziwa, nikayatoboa chini. La kwanza nikatia udongo mwekundu wa Nachingwea, ulionyunyiziwa dawa. La pili kichanga kutoka katikati ya ufuta uliokufa. La tatu udongo wa ndani ya duara la kijani. La nne kichanga cha kando ya njia, ambako bomba langu halikufika. Kila kopo nikapanda ufuta wa kibuyu kile kile cha mama mkwe, punje kumi, na maji kikombe kimoja kwa zamu.

Mke wangu alinikuta nayapanga makopo chini ya dirisha la chumba chetu.

"Sasa hii ni nini?"

"Maelezo ya kikao."

"Na huu uzi?"

Nilikuwa nimezungusha uzi mwembamba kuyazunguka yote manne. Mtu akiyagusa, uzi ungekatika nami ningejua. Kila asubuhi niliukagua kabla ya kupiga mswaki. Siku moja niliukuta umekatika, nikawahoji watu wote wa nyumbani mmoja mmoja, mpaka ikabainika kwamba nilikuwa nimeukata mimi mwenyewe kwa mguu. Nikafunga mwingine, nikaendelea kushuku.

Punje ziliota kwenye makopo yote. Nikasema, mbegu haina kosa, nikamwondoa mama mkwe kwenye orodha na moyoni nikamwomba radhi. Siku ya kumi na mbili kopo la pili likaanza kuwa njano pembeni mwa majani, na baada ya hapo likafa lote, punje kumi zote, kama zilivyokufa eka mbili. Kopo la kando ya njia likabaki kijani: kichanga chenyewe hakina kosa. Kopo la udongo mwekundu likabaki kijani. Kopo la duara likawa kijani kuliko yote.

Nilikaa mbele ya makopo yale kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani huku anajua alivyojibu. Dawa ilikuwapo ndani ya makopo matatu. Imeua katika moja tu. Basi si suala la dawa kuwepo. Ni suala la nani kaishika.

Ndipo nikaenda kuitafuta ile karatasi ya maelekezo. Mke wangu alikuwa ameifunikia kopo la chumvi jikoni, tangu Desemba. Maandishi yake yalikuwa madogo kiasi kwamba sisimizi angehitaji miwani. Lakini yalikuwapo, kwa Kiswahili safi: kwenye udongo mwepesi wa kichanga tumia kipimo cha chini, kwenye udongo mzito tumia kipimo cha juu, usipande mazao mengine ila mahindi na mtama hadi miezi kadhaa ipite.

Kipimo cha chini kilikuwa vifuniko viwili kwa bomba. Cha juu, vinne.

Mimi niliwahi kutia viwili Nachingwea, magugu yakanicheka. Msimu uliofuata nikatia vinne, yakafa. Tangu hapo vinne ndiyo ikawa imani yangu, na imani hiyo nikaipandisha kwenye pikipiki nikaipeleka Chinongwe.

Polepole mambo yakajipanga kichwani. Udongo wa mfinyanzi una chembe ndogo zisizohesabika, na dawa hung'ang'ania kwenye chembe hizo. Mzizi ukija kunywa maji unakuta dawa imeshikwa, haitoki. Ndiyo maana kule inabidi utie nyingi, maana nyingine yote inamezwa na udongo. Kichanga hakina mikono. Kinaiacha dawa imeelea kwenye maji, na ufuta unainywa yote. Mvua ingenyesha sana, dawa ingezama chini mbali na mizizi, lakini haikunyesha hivyo. Kungekuwa na unyevu na majani yaliyooza, wale wadudu wasioonekana kwa macho wangeila kidogo kidogo hadi iishe. Lakini kwa jua lile hata wadudu hao, nadhani, walikuwa wamehamia Mtwara. Mahindi yenyewe huwa yanaisaga dawa hiyo bila shida, ndiyo maana sikuona dalili mapema.

Na duara? Vumbi la mkaa. Tanuri la mjomba liliacha chenga na vumbi jeusi chini ya kichanga, na mkaa hushika dawa kuliko hata mfinyanzi. Mjomba alikuwa ameniokolea kipande cha shamba bila kujua, nami kwa wiki mbili nikamtazama kama mchawi.

Ijumaa ikafika. Tulikaa uani mchana, baada ya watu kutoka msikitini. Mjomba kwenye kiti, mke wangu kwenye mkeka, mama mkwe upande wa pili wa mlango wa jiko, akitupa mgongo huku anachambua kunde. Mimi nikaweka makopo yangu manne katikati. Ningeweza kudanganya. Ningeweza kusema ni jua, na kila mtu angelikubali jua. Nikafikiria hilo kwa dhati.

"Ufuta nimeuua mimi," nikasema.

Mikono ya mama mkwe ikasimama juu ya ungo.

Nikaeleza kopo moja moja. Mjomba alisikiliza amekunja uso, na nilipofika kwenye kopo la duara akanikatiza.

"Ngoja. Unasema mkaa umeishika dawa?"

"Umeishika, mjomba. Ipo hapo, ila mzizi hauwezi kuinyang'anya."

Akachukua kopo, akachimbua kwa kidole, akasugua ule udongo mweusi kiganjani. Uso wake ukabadilika. "Kama kaboni," akasema polepole.

"Kaboni ipi?"

"Wewe msomi gani! Namungo kule kwenye mapipa ya kuchenjulia. Maji yana dhahabu huioni, unatia kaboni, vile vipande vya mkaa. Dhahabu inakwenda kunata humo yenyewe. Unatoa mkaa, umetoa dhahabu." Akarudisha kopo chini. "Kumbe ni hivyo. Na mimi nilidhani umenifungia shamba."

"Na mimi nilidhani wewe ndiye umelifunga."

"Nilijua unadhani. Ulikuwa unanisalimia kwa adabu mno."

Ndipo mama mkwe akasema, bila kugeuka, maneno akiyaelekeza kwa binti yake: "Mwulize mumeo. Nilipomwona Desemba anapima vifuniko vinne, si nilikutuma? Si nilisema mwambie kichanga hakihifadhi kitu, ukikipa nyingi kinairudisha yote?"

Nikamgeukia mke wangu. Yeye akayageukia makopo.

"Ulinifikishia nini siku ile?" nikamwuliza.

"Nilikwambia mama anasema pole na kazi."

"Pole na kazi!"

"Sasa ningekwambiaje, baba watoto? Umerudi na cheti chako juzi juzi, umekibandika ukutani sebuleni, nije nikwambie mama anakufundisha kupima dawa? Ungelala hujala."

Mjomba akacheka mpaka akashika ubavu. Mimi sikucheka. Nilikuwa napiga hesabu ya maneno mangapi mengine yaliyolainishwa njiani kwa miaka yote hiyo kabla hayajanifikia, na mpaka leo kila mke wangu akiniletea salamu kutoka kwa mama yake nasita kidogo, namwangalia machoni, nauliza: ndivyo alivyosema?

Hukumu ilitolewa na mama mkwe, kupitia kwa kaka yake, ingawa tulikuwa tunamsikia wote vizuri. Shamba nitabaki nalo. Mtama upandwe haraka juu ya ufuta uliokufa, maana mtama unaivumilia dawa ile, ili mama mkwe asikose chakula. Chenga za mkaa kutoka kwenye matanuri yote ya mjomba nizibebe mimi, magunia kwa magunia, nizimwage na samadi ndani ya eka zile mbili. Na dawa ya magugu isiingie humo tena mpaka mwenye shamba aseme. Magugu nitayang'oa kwa jembe la mkono.

Nililima. Mgongo wangu ulipinda mpaka nikawa naona visigino vyangu bila kuinama. Mtama ulitoka mzuri, si wa kujisifia, lakini mama mkwe hakulala njaa wala hakuomba kwa mtu. Na kila siku ya palizi, kuanzia asubuhi hadi jua la saa nne, alikuja na kusimama mpakani, amenipa ubavu kwa heshima, anatazama miti. Mke wangu alisema amekuja kupunga upepo. Mimi najua alikuwa anakagua kama nimebeba bomba. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi ndiye mwenye shamba, nami ningesimama palepale, tena karibu zaidi.